Mto, Msitu na Afya ya Nyumba: Somo Kutoka Njinjo

(Maneno haya yalisemwa redioni katika somo la watu wazima. Yamepigwa chapa ili wanafunzi wayasome tena darasani pamoja na mwalimu wao.)

 

Kama ilivyo desturi yetu, kwanza mwalimu aandike ubaoni maneno matano ya leo. MTO. MSITU. KISIMA. MBU. MFUKO. Yasomeni pamoja, polepole. Haya, someni mara ya pili. Vizuri sana. Ni maneno mafupi; hata aliyeanza darasa juma lililopita aweza kuyasoma. Lakini kazi ya leo si kuyasoma tu. Tutayafunga pamoja kama mtu afungavyo mzigo wa kuni, tuone kamba inapita wapi.

Leo twaenda Njinjo. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya kusini utafika Nangurukuru, katika Wilaya ya Kilwa. Hapo njia zinagawanyika. Mbele ni Lindi. Kushoto ni Kilwa Masoko, pwani. Kulia ni njia ya bara, iendayo Liwale. Katika njia hiyo ya Liwale ndipo ilipo Njinjo, katika bonde la mto Matandu. Mto huu unatoka bara, unapita katika misitu na mashamba, unaingia Bahari ya Hindi upande wa kaskazini wa Kilwa Kivinje. Wakati wa masika unajaa. Wakati wa kiangazi unapungua sana, na watu wanafuata madimbwi yaliyobaki.

Wenyeji wa bonde hilo, Wangindo na Wamatumbi na wengine waliohamia, hulima mpunga na mahindi karibu na mto. Juu kidogo hulima ufuta. Zaidi ya hapo ni msitu, wenye mpingo, mninga na miombo. Basi mtu wa Njinjo akisimama mlangoni pake aweza kuona karibu maneno yetu yote matano. Mfuko tu hauonekani, maana umefichwa.

Wazee mlio darasani huenda mkakumbuka masomo mawili makubwa ya redio katika nchi yetu. La kwanza lilikuwa mwaka 1973, likaitwa Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vidogo, wakatoka wakachimba vyoo na kufukia madimbwi. La pili lilikuwa mwaka 1980, likaitwa Misitu ni Mali. Watu wakafundishwa kupanda miti na kuitunza. Yalikuwa masomo mazuri. Ila yalikuja mbalimbali, moja likafuata jingine baada ya miaka saba, na watu wengi wakayaweka katika mafungu mawili: choo ni cha bwana afya, mti ni wa bwana misitu. Njinjo inatuonyesha kwamba masomo yale mawili ni somo moja.

Tuanze na maji ya mvua. Mvua ikinyesha juu ya msitu, tone halipigi udongo moja kwa moja. Linapiga jani, linateleza, linaangukia majani makavu yaliyolala chini. Majani yale ni kama godoro. Chini yake udongo una vitundu vingi, vya mizizi, vya mchwa na vya minyoo. Maji yanaingia humo taratibu, yanashuka chini, na baada ya wiki au miezi yanatokea kisimani. Kisima cha mwezi wa tisa kinapewa maji na mvua ya mwezi wa tatu. Huo ndio ukweli wake.

Sasa fyeka msitu ule, uuchome, ulime mpaka ukingoni. Tone linapiga udongo mtupu. Udongo unagandamana, juu unakuwa kama sakafu. Maji hayaingii; yanakimbia. Yanachukua udongo mzuri wa juu, yanaupeleka mtoni, mto unajaa mchanga na matope. Mto uliojaa mchanga haubebi maji mengi kama zamani, kama chungu kilichotiwa mawe. Kwa hiyo masika maji yanapita juu ya kingo, na kiangazi kisima kinakauka mapema. Mtu aweza kuuliza: mbona shida mbili zinazopingana, maji mengi na maji machache? Chanzo chake ni kimoja. Maji yamekosa pa kukaa.

Hapa yafaa niseme neno la tahadhari. Msitu hauzuii gharika kubwa. Mwishoni mwa Januari 2020 mvua kubwa zilinyesha katika Mkoa wa Lindi. Mito ikafurika, na Kilwa ndiyo iliyoumia zaidi. Vijiji vya bonde la Matandu, Njinjo kikiwamo, vilizungukwa na maji. Zaidi ya watu kumi walipoteza maisha mkoani. Nyumba zilibomoka, vyakula vikachukuliwa, njia zikakatika. Tena Mei 2024, mvua zilizokuja na Kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi, katika wilaya hiyo hiyo ya Kilwa. Akija mtu kuwaambia kwamba miche mia ya miti ingezuia maji ya 2020, msimsadiki. Mvua ya namna ile hushinda hata msitu mzima. Lakini mvua za namna ile si za kila mwaka. Mvua za kawaida ndizo za kila mwaka, na katika hizo msitu unafanya kazi kubwa. Na hata gharika inapokuja, ukingo wenye miti haumeguki kama ukingo mtupu.

Haya, sasa neno la nne. Mwalimu, waonyeshe wanafunzi neno MBU.

Maji yanapopungua baada ya mafuriko, yanaacha madimbwi: katika mashimo ya matofali, katika nyayo za ng'ombe, katika matuta ya shamba. Mbu aletaye malaria hupenda maji yaliyotulia yanayopigwa na jua. Chini ya msitu mzito kuna kivuli. Baada ya kufyeka kuna jua tele. Mbu hutaga mayai, na kwa muda wa siku kumi hivi, pengine na zaidi kidogo, mbu wapya wanaruka. Kwa hiyo majuma mawili baada ya maji kupungua ndipo homa zinapoanza kuongezeka, na hapo ndipo palizi inapohitaji watu.

Ugonjwa wa pili ni kichocho, ambao watu wa pwani ya kusini wanaufahamu sana. Kijana anakojoa damu, na zamani wengine walisema ndiyo dalili ya kukua. La hasha! Ni ugonjwa. Mdudu wake hukaa ndani ya konokono wa majini, hutoka, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini. Mwenye ugonjwa akikojoa dimbwini, mayai ya mdudu yanarudi kwa konokono, na mzunguko unaanza upya. Dawa ipo, inaitwa prazikwanteli. Lakini ukimeza dawa leo, kesho ukarudi kuchota na kuoga katika dimbwi lile lile kwa sababu kisima kimekauka, utaupata tena. Mnaona basi? Kisima kilichokauka ni habari ya hospitali pia.

Wa tatu ni kuhara, na mkubwa wao ni kipindupindu. Mafuriko hufunika vyoo, na kilichokuwa chooni huingia kisimani. Chemsheni maji ya kunywa. Mtu akiharisha, msingoje. Chukueni lita moja ya maji safi yaliyochemshwa yakapoa, tieni vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vijiko vya kufuta juu, si vya kulundika. Anywe kidogo kidogo huku mnampeleka zahanati. Mwalimu aandike kipimo hicho ubaoni, na kila mmoja akinakili: maji lita 1, sukari vijiko 6, chumvi nusu kijiko.

Sasa nitawapa mazungumzo mafupi ya kufundishia. Mwanafunzi mmoja asome maneno ya mjomba, mwingine ya mpwa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Panga hilo linakwenda wapi?"

"Kule ukingoni, mjomba. Shamba la juu limechoka. Mwaka wa kwanza lilinipa ufuta mzuri, mwaka wa pili nusu yake, mwaka huu magugu matupu."

"Na kule ukingoni utalima miaka mingapi?"

"Miwili. Mitatu, Mungu akipenda."

"Halafu?"

"Halafu nitahamia ng'ambo."

"Na ng'ambo ikichoka?"

"Mjomba, watoto wanataka sare, nyumba inataka bati. Kama si ukingoni, niambie nilime wapi."

Mjomba akanyamaza.

Nawaambia, swali la kijana yule ni la haki, na sipendi wale wanaokuja vijijini na gari kumwambia "usifyeke" kisha wakaondoka. Ufuta ndio fedha ya Lindi. Unauzwa mnadani kwa njia ya stakabadhi ghalani, na katika miaka ya karibuni umewapa watu bati, pikipiki na ada za vyuo. Mtu hawezi kuachishwa fedha kwa maneno matamu. Yapasa tumpigie hesabu.

Haya, kalamu mkononi. Hesabu hizi ni za mfano tu. Kila mmoja atie za kwake.

Tuseme kijana amefyeka eka mbili ukingoni. Mwaka wa kwanza anapata kilo 400. Bei tuseme ni shilingi 3,000 kwa kilo. 400 mara 3,000 ni 1,200,000. Fedha nzuri.

Sasa tuhesabu upande wa pili. Mkewe alikuwa akichota maji kisima cha karibu, nusu saa kwenda na kurudi. Kisima kimekauka mwezi wa nane. Sasa anakwenda saa mbili na nusu. Ameongezewa saa 2 kila siku. Kiangazi tuseme siku 90. 2 mara 90 ni saa 180. Siku ya kazi ya shamba tuseme ni saa 6. 180 gawa kwa 6 ni siku 30. Mwezi mzima wa kazi umetembea njiani na ndoo kichwani! Ongeza homa: mgonjwa mmoja siku 5 kitandani, na mama wa kumwangalia siku 5. Jumla siku 40. Kibarua kwa siku tuseme ni shilingi 5,000. 40 mara 5,000 ni 200,000. Ongeza nauli ya pikipiki na gharama za matibabu, tuseme 60,000. Jumla yake 260,000.

Toa: 1,200,000 kasoro 260,000 ni 940,000.

Mnaona, mwaka wa kwanza kijana bado ana faida kubwa. Ndiyo sababu watu wanafyeka, si wajinga. Sasa twende mwaka wa tatu. Udongo umekwenda mtoni, ufuta ni kilo 100. 100 mara 3,000 ni 300,000. Kisima bado kimekauka, mbu bado wapo. 300,000 kasoro 260,000 ni 40,000. Hiyo ndiyo mali ya mwaka mzima.

Tena tazameni jambo jingine katika hesabu hii. Fedha za ufuta zinaingia mfukoni mwa baba. Siku 30 za maji zinatoka miguuni mwa mama, na hakuna daftari la ghala linaloziandika. Siku za homa aghalabu ni za mtoto. Kwa hiyo baba aweza kusema kwa moyo safi kabisa, "Sijaona hasara." Hasara imekaa kwa mwingine, ndani ya nyumba ile ile. Wanawake mlio darasani, hesabu ya maji pigeni ninyi. Wanaume wasiwapigie.

Basi kijana alime wapi? Kwanza, sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu zinazoweza kuharibu mto ndani ya mita 60 kutoka ukingoni. Mita 60 ni hatua themanini hivi za mtu mzima. Najua mkulima wa mpunga atasema, "Hatua themanini ndilo shamba langu lote." Hilo ni gumu, nami sina jibu la mkato. Lazima likazungumzwe katika mkutano mkuu wa kijiji, mwenye shamba la bonde apewe pa kulima kabla ya kunyang'anywa pa zamani. Lakini shamba jipya la ufuta kufika mpaka majini, hilo halina udhuru.

Pili, shamba la juu lililochoka laweza kutunzwa. Kubadilisha mazao, ufuta mwaka huu, mbaazi mwaka ujao, maana mbaazi hurutubisha udongo na majani yake hufunika ardhi. Kutochoma mabua, bali kuyalaza yafunike ardhi. Kulima matuta kukinga mteremko, si kufuata mteremko. Mambo haya hayafanyi udongo kuwa mpya kwa siku moja, ila huongeza umri wa shamba.

Tatu, na hapa nitakaa kidogo, msitu wenyewe waweza kuleta fedha bila kufyekwa. Si maneno ya kupewa moyo, yamefanyika Kilwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zinakipa kijiji nafasi ya kutenga msitu wake, kuutungia sheria ndogo, na kuuza magogo kwa mpango na kupata mapato yake. Zamani mfanyabiashara alikuja na msumeno, akaondoka na mpingo, kijiji kikabaki na visiki. Mpingo, ndugu zangu, ni mti wa fedha. Ndio unaotengenezewa zumari za Ulaya ziitwazo klarineti na oboi, na ndio wanaochonga Wamakonde. Lakini hukua polepole mno. Mti wa kufaa kuvunwa huchukua kama miaka sabini, hata mia. Ukiukata ovyo leo, mjukuu wako hataukuta.

Vijiji viwili vya Kilwa, Kikole na Kisangi, vikisaidiwa na shirika la MCDI lililoanza kazi zake Kilwa, vilihesabu miti yao, vikapanga ni mingapi ya kukatwa na mingapi ya kuachwa, vikachagua kamati ya maliasili ya kulinda. Mwaka 2009 misitu yao ikaingia katika cheti cha kimataifa cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unavunwa kwa utaratibu mwema. Ilikuwa misitu ya asili ya wanavijiji ya kwanza katika Afrika kupata cheti hicho. Vijiji vingine vikafuata, Nanjirinji A kikiwamo, ambacho kimepata fedha nyingi kwa kuuza magogo. Fedha za misitu katika vijiji vile zimekwenda katika madarasa, visima na huduma za afya.

Narudi kwenye ubao wetu. Msitu umelinda kisima, maana haukufyekwa. Kisha msitu ule ule, kwa miti michache iliyokatwa kwa mpango, umechimba kisima kingine. Kisima kimempunguzia mama safari, na mtoto hakuingia dimbwini kwa konokono. Mnaona kamba inavyozunguka mzigo.

Msidhani mambo ni rahisi. Fedha za kijiji zina macho mengi na mikono mingi. Kamati isiyosoma hesabu zake mbele ya mkutano itazua ugomvi, na msitu utakatwa usiku na wenye hasira. Moto nao: wa mwisho wa kiangazi, wakati majani yamekauka kabisa, huua miche yote michanga. Tena wako wafugaji waliohamia mikoa ya kusini na ng'ombe wao, wengi baada ya kuondolewa Ihefu mwaka 2006 na 2007, nao wanahitaji maji yale yale ya kiangazi. Mkulima humlaumu mfugaji, mfugaji humlaumu mkulima. Mimi naona wote wawili wanagombania dimbwi moja kwa sababu madimbwi mengine yamekauka. Wawekewe njia ya kunyweshea iliyo mbali na kisima cha kunywa watu, na iandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, kwa kalamu, si kwa mdomo.

Na ndiyo sababu mnajifunza kusoma. Mpango huo ni karatasi. Sheria ndogo ni karatasi. Hesabu ya magogo yaliyouzwa ni karatasi, hubandikwa ofisini kwa mtendaji. Asiyesoma atasomewa, na atasomewa kile anachotaka msomaji.

Sasa kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi ahesabu, kwa juma moja, anachukua dakika ngapi kwenda na kurudi kisimani. Asiyechota mwenyewe amwulize anayechota. Aandike siku saba, kila siku nambari yake, kisha ajumlishe. Wanafunzi watatu waende ofisi ya kijiji, waombe kuona ramani au mpango wa ardhi ya kijiji, wanakili majina ya sehemu zilizoandikwa humo. Kama hakuna mpango, waandike sentensi moja tu: "Kijiji chetu hakina mpango," na waisome katika mkutano mkuu ujao.

Mwalimu atakusanya madaftari siku ya Jumatano. Juma lijalo, saa hizi hizi, tutajumlisha dakika za darasa zima, tutazigeuza kuwa siku, na tutasoma neno jipya: KODI. Kwaherini, ndugu wasikilizaji.